Ushauri: Doto ana udata, tukate kwa leza au kwa mkasi? (Mwanza)

MamaMapacha

Mwangaluka wadau. Niko Igoma, Mwanza, biashara yangu ni dagaa pale Mwaloni Kirumba, kwa hiyo nikichelewa kujibu mjue niko kwenye mizigo.

Nina mapacha wa kiume, Kulwa na Doto, mwezi ujao wanatimiza miaka minne. Kulwa anaongea kama redio. Doto naye anaongea na anaelewa kila kitu, ila maneno yake mengi tunayaelewa mimi na Kulwa tu. "Ruka" kwake ni "yuka", "lala" ni "yaya". Ulimi akiambiwa autoe unaishia mdomoni, na ncha inajikunja katikati kama umbo la kopa. Mwalimu wa chekechea ndiye aliyeniita pembeni: "Mama Kulwa, huyu mwenzake ana udata," yaani ulimi umeshikwa chini na kinyama kifupi.

Nikampeleka kliniki moja binafsi ya meno hapa mjini, jina naliacha. Daktari alimwangalia hata dakika haikuisha, akasema akatwe, tena kwa leza, laki tatu na nusu. Hakuna damu, hakuna maumivu, dakika tano mtoto anarudi kucheza. Akanionyesha kisanduku chenyewe, kidogo kama king'amuzi. Nilipouliza habari za mkasi akacheka, eti hayo ni mambo ya zamani.

Mama mkwe naye kasikia huko Sengerema. Anasema kuna mzee anakata kwa wembe, malipo jogoo mmoja, na kwamba baba yake Doto alikatwa hivyo hivyo na leo anaongea hadi anakera. Mume wangu kanyamaza kimya, na mimi namjua, akinyamaza ujue yuko upande wa mama yake.

Leza ni nini hasa? Ni mionzi kama ya eksirei? Na inazidi mkasi kwa lipi hadi bei iwe hiyo?

SangaraMkavu

Pole mama. Ila usikimbilie kukata kwa sababu ya "r". Sisi Wasukuma "r" inatutoroka bila udata wowote. Mimi niligombea uenyekiti wa mtaa, nikasimama mbele ya watu nikawaomba kula. Wakauliza sahani ziko wapi.

NesiMstaafu

Sangara, utani pembeni kidogo, kuna wembe hapa.

Mama Kulwa, huyo mzee wa jogoo usimkaribishe mlangoni. Chini ya ulimi kuna mishipa ya damu inaonekana kwa macho, ya rangi ya buluu, na katikati, pembeni ya hicho kinyama, ndipo mirija ya mate inapotokea. Mkono ukikosea kidogo mtoto anavuja damu, naye anaimeza, hamwoni ni kiasi gani imetoka. Bado pepopunda, bado virusi, maana wembe huo hujui umetoka kinywani mwa nani.

Nimefanya kazi wodi za watoto miaka mingi. Nimepokea waliokatwa kimeo, nimepokea wachanga waliochokolewa fizi eti wana "meno ya plastiki", kumbe ni vichwa vya meno ya utotoni vilivyokuwa bado havijatoka. Anayechokolewa vile anaweza kuharibikiwa hadi meno ya ukubwani yaliyo chini yake. Wote waliletwa na bibi zao kwa nia njema kabisa.

Halafu swali: alipokuwa mchanga alinyonya vizuri?

MamaMapacha

Alinyonya, ila alikuwa ananing'ata na kuchukua muda mrefu kuliko Kulwa. Nilidhani ni uvivu. Chuchu zilichubuka, nikaambiwa mapacha ndivyo walivyo.

NesiMstaafu

Basi hapo ndipo ilipaswa kuonekana. Kwa mchanga wa wiki chache, kinyama kikiwa chembamba, daktari anakata kwa mkasi mdogo, sekunde chache, mtoto anawekwa titini papo hapo. Haina nyuzi wala mbwembwe. Kwa miaka minne hadithi inabadilika. Mwachie wa meno aeleze.

Tabibu_Nyegezi

Nimeitwa? Mimi ni tabibu wa meno, kituo cha serikali. Sina leza na sina hisa kwa mwenye leza, kwa hiyo sina cha kukuuzia.

Leza ni mwanga. Eksirei ni mionzi yenye nguvu ya kuvuruga chembe za mwili kwa ndani, leza za meno haziko kundi hilo, usiwaze saratani. Mwanga wa balbu umechanganyika rangi na unatawanyika chumba kizima. Wa leza ni wa rangi moja na unakwenda pamoja, ndiyo maana ukikusanywa kwenye nukta ndogo unakata. Ya kwanza iliwashwa Marekani mwaka 1960 na Theodore Maiman, akitumia kipande cha rubi. Kwenye meno ilichelewa: mamlaka ya chakula na dawa ya kule iliruhusu leza ya erbiamu ichonge jino lenye tundu mwaka 1997.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Leza si kitu kimoja. Kila aina ina urefu wake wa wimbi, na kila wimbi linamezwa na kitu chake. Kisanduku cha ukubwa wa king'amuzi karibu hakika ni daiodi, nanomita 810 hadi 980. Mwanga wake unamezwa na damu na ile rangi nyeusi ya mwili, jino haulifanyi kitu. Erbiamu, nanomita 2,940, unamezwa na maji; yale maji kidogo yaliyomo ndani ya jino yanachemka ghafla na kurusha vipande vidogo sana, ndivyo tundu linavyochongwa. Ya kaboni dayoksaidi, nanomita 10,600, nayo inapenda maji, na inakata nyama vizuri mno.

Kwa hiyo daiodi ya huyo daktari inafaa nyama laini: kinyama cha ulimi au cha mdomo, fizi iliyofunika gego la mwisho na kuvimba kila mwezi, fizi zilizoota kupita kiasi kwa wanaotumia baadhi ya dawa za kifafa. Lakini kwenye kukata, kazi kubwa inafanywa na joto la ncha ya uzi wa kioo unaogusa nyama. Ni kisu cha moto chenye adabu. Faida ni kweli: mishipa midogo inazibika palepale, damu ni kidogo, mara nyingi huhitaji nyuzi. Hasara nazo ni kweli: joto likizidi linaunguza nyama ya jirani, na kidonda chake siku za mwanzo kinaweza kupona polepole kuliko cha kisu kikali. "Hakuna maumivu" ni maneno ya bango. Ganzi inahitajika, na ikiisha mtoto atalia tu.

Mkasi si mambo ya zamani. Kwa udata, leza haijathibitika kwamba inampa mtoto ulimi bora kuliko mkasi. Mkono wa anayekata una uzito kuliko chombo.

Na kuhusu hiyo laki tatu na nusu, ninalo moja la kuuliza: Doto atakaa kwa kutulia? Mtoto wa miaka minne, mdomo wazi, miwani ya kuzuia mwanga usoni (lazima avae, na kila aliyemo chumbani avae), anasikia harufu ya nyama yake inaungua. Akirusha kichwa huku ncha inawaka chini ya ulimi, utaelewa kwa nini wengi wa umri huo hulazwa usingizi hospitalini, iwe leza iwe mkasi. Alikuambia habari hiyo?

MamaMapacha

Hakuniambia. Na Doto kukatwa kucha tu ni vita, baba yake anamshika miguu.

KijanaWaMabatini

Naunga mkono leza, mimi niliondolewa masundosundo mkononi kwa leza nikiwa Dar, yakaisha. Ila pale pamebaki na doa jeusi mwaka wa pili huu.

Tabibu_Nyegezi

Kijana, ngozi yetu ina rangi nyingi na leza nyingine zinaipenda rangi hiyo, ndiyo doa lako. Mwenye asili ya makovu yanayovimba aseme mapema kabla hajaguswa ngozi. Ndani ya kinywa makovu ya namna hiyo ni nadra sana. Tena masundosundo yakichomwa, ule moshi una virusi, lazima uvutwe kwa mashine. Ukiona chumba kinafuka na daktari hana hata barakoa, vaa viatu uondoke.

BintiWaShinyanga

Samahani nadandia uzi. Meno yangu ni ya kahawia toka utoto, maji ya kisima cha kwetu. Kuna saluni wananiambia wanasafisha kwa leza mara moja yanakuwa meupe kama karatasi.

Tabibu_Nyegezi

Saluni? Kimbia.

Hiyo kahawia iko ndani ya jino, iliingia jino lilipokuwa bado linajengwa, kwa sababu ya madini ya floridi kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vya kwenu vingine vinapita hapo. Magadi ya kuivishia maharage nayo huwa na floridi. Ule mwanga wa saluni ni taa ya buluu, na kinachong'arisha ni dawa wanayopaka, taa inaongeza kidogo au haiongezi kitu. Dawa hiyo fizi ikiguswa inaungua. Nenda kwa daktari wa meno, kuna kusugua tabaka la juu, kuna kufunika jino. Fungua uzi wako, huu ni wa Doto.

MwanaUkerewe

Mama Mapacha, wa kwangu alikuwa na miaka mitano. Tulivuka na meli kutoka Nansio tukaenda hospitali ya Bugando. Walichonishangaza, kabla ya kumgusa ulimi walimpima masikio. Nikasema hawa wamekosea faili. Daktari akasema mtoto asiyesikia vizuri anatamka vibaya pia, na sikio lenye majimaji ndani haliumi, mzazi hajui. Wa kwangu yalikuwa mazima. Wakamlaza usingizi, wakakata kwa mkasi, nyuzi mbili tatu za kuyeyuka zenyewe. Siku ya nne pale chini pakawa peupe, nikajua ni usaha nikakimbia naye zahanati. Kumbe ndivyo kidonda cha mdomoni kinavyopona.

Kuongea hakukubadilika kesho yake, usidanganyike. Mazoezi ya ulimi miezi. Tulikuwa tunampaka asali mdomo wa juu ailambe. Dada zake wakaanza nao kudai wana udata.

SangaraMkavu

Hata mimi nimeanza kuhisi ninao.

MjukuuWaGamboshi

Leza ni wizi tu wa kisasa. Kiswahili cha mtoto kinanyooka chenyewe akianza shule.

NesiMstaafu

Nusu ya sentensi yako ina ukweli. "R" huja mwishoni kwa watoto wengi, na mapacha hupenda kuwa na lugha yao ya wawili, mmoja anamsemea mwenzake. Lakini ulimi usiofika mdomo wa juu ukasubiri shule, huko watamcheka. Mama Kulwa, Doto anaweza kulamba mdomo wa juu? Ncha inagusa nyuma ya meno ya juu akiachama?

MamaMapacha

Nimemjaribu sasa hivi kwa asali. Haifiki. Kulwa kailamba yote ya mwenzake.

Tabibu_Nyegezi

Basi kuna kitu. Anza Bugando au Sekou Toure, omba aonwe na wa kinywa na meno pamoja na wa masikio, pua na koo. Ukibaki na hamu ya leza, jina la daktari wako ulizia kama limesajiliwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na muulize uso kwa uso ameshakata watoto wangapi wa umri huu kwa hicho kisanduku. Ukiona anajibu bei badala ya idadi, umeshajibiwa.

MamaMapacha

MREJESHO, wiki tatu baadaye.

Wadau asanteni. Tulienda hospitali, na mume wangu alikuja, akabeba na mama yake ili asikie mwenyewe. Masikio: la kulia lilikuwa limejaa nta, wakaisafisha, la kushoto zima. Ulimi: daktari kasema kinyama ni kinene, kifupi, na kwa umri wake kikatwe. Nikauliza leza. Akasema leza ingefaa pia, ila Doto atalazwa usingizi vyovyote vile, na akishalala mkasi unamtosha. Gharama na usingizi wake ikaja chini ya ile ya kliniki. Tumepewa tarehe, Jumanne ya wiki ijayo. Mazoezi ya asali tumeshaanza. Akaonya asije kupewa pilipili wala ndimu wiki ya kwanza, huku kwetu dagaa bila ndimu sijui atakula nini.

Mama mkwe alikaa kimya njia nzima. Tulipofika Buzuruga akaniuliza kama na yeye wanaweza kumsafisha sikio.

SangaraMkavu

Mungu amtangulie Doto. Mama, dagaa ndoo sasa hivi Mwaloni inakwendaje?