Betri za sigara ya kielektroniki: nichukue ya mAh 2500, ya 3000 au hii ya 9900?

Mwana wa Kikwajuni
Asalaam alaykum ndugu zangu. Natumia sigara ya kielektroniki inayobeba betri moja ya 18650, nami huiweka wati 40. Betri yangu imechoka. Nikiichaji alfajiri, haijaadhiniwa adhuhuri imeshazima. Nimezunguka Darajani nikaonyeshwa tatu: Samsung 25R ya mAh 2500, LG HG2 ya mAh 3000, na moja yenye ganda jekundu lililoandikwa mAh 9900, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote. Kwa hesabu yangu hiyo ya mwisho ingenitosha siku nyingi. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Fundi wa Mlandege
Waalaykum salaam. Hiyo ya 9900 iache papo hapo ilipo. Betri ya umbo hilo, yaani milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu, haina nafasi ya kubeba hata nusu ya chaji hiyo. Uongo huo hujulikana kwa uzito: 25R au HG2 halisi ina gramu 45 hadi 48 hivi, lakini betri kama hiyo uliyoonyeshwa niliwahi kuipeleka kwa sonara jirani yangu, na mizani yake ya dhahabu ikasoma gramu 31 tu.

Ama hizo mbili zilizobaki, usianze na mAh, kwa sababu mAh inakueleza betri itadumu muda gani, haikuelezi inastahimili mzigo gani. Mzigo hupimwa kwa ampea. Wengi hugawanya wati 40 kwa volti 4.2 za betri iliyojaa, wakapata ampea 9.5 na kuridhika. Lakini kifaa chenye kidhibiti kama chako, yaani saketi inayoshikilia wati ulizoweka, hudai wati zilezile hata volti zikishuka, kwa hiyo betri huvutwa zaidi inapokaribia kwisha. Gawanya kwa 3.2 utapata 12.5, kisha ongeza kinachopotea ndani ya kifaa, utafika karibu ampea 14. 25R na HG2 zote zinahimili ampea 20 mfululizo. Kwa kuwa zote zimepita hapo, sasa ndipo mAh ina haki ya kuamua, nami ningechukua HG2.

Mvuvi wa Wete
Fundi, sisi huku Pemba tunapokwenda kuvua usiku huweka kwenye tochi za kichwani betri zinazotolewa katika kompyuta za mkononi, hasa Panasonic NCR18650B ya mAh 3400, na tochi hukesha nayo hadi alfajiri. Kwa nini asitumie hiyo, nayo ni halisi?

Fundi wa Mlandege
Kwa tochi ni betri nzuri sana, ami, endeleeni nayo. Ila imeundwa kutoa umeme pole pole na kwa muda mrefu, na ampea 7 kwake ni mzigo mkubwa. Ukiivuta kwa 14 itapata moto na kuharibika upesi, na huenda ikamdhuru mwenyewe.

Bi Mkunazini
Mimi sivuti, lakini mdogo wangu anavuta, na alama ya kuungua anayo pajani hadi leo. Alitia betri ya akiba mfukoni pamoja na funguo za nyumba, nayo ilikuwa imechanika ganda kidogo tu, pale juu penye duara la upande wa chanya. Nawaomba mpaangalie hapo kwa makini. Chuma chote cha betri, kuanzia kitako hadi ukingo unaozunguka chanya, ni upande wa hasi, na kinachovitenganisha kwa nje ni plastiki nyembamba. Ufunguo ukiugusa ukingo na chanya kwa pamoja, umeme wote hupita hapo. Kikasha cha plastiki ni bei ndogo, kaka yangu, tafadhali kinunue.

Mwana wa Kikwajuni
Pole sana, Bi. Fundi, rafiki yangu ana kifaa kisicho na kidhibiti, koili yake, ule waya unaopata moto, ni ya ohm 0.2. HG2 itamfaa naye?

Fundi wa Mlandege
Hapana. Hapo hesabu ni volti 4.2 kugawanya kwa 0.2, yaani ampea 21, ambazo zimepita uwezo wa HG2, wala hapana kitu cha kuzikata. Afunge koili yenye ukinzani mkubwa zaidi. Kama kifaa chake kimetengenezwa kwa betri pana za 21700, basi Molicel P42A ya mAh 4200 inahimili ampea 45.

Mwana wa Kikwajuni
Nimeinunua HG2. Muuzaji aliniruhusu kuipima kwanza: gramu 47, ganda zima. Nimeiweka kwenye chaja ya nje kwa ampea 1, ikajaa kwa saa tatu na zaidi kidogo, nami nimekaa nayo chumba kimoja mpaka taa ikawa ya kijani. Kikasha nimechukua viwili, kimoja ni cha rafiki yangu.