Makanisa yetu yaache kuwasimamisha wageni na kuwadai namba za simu

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha, kwa kuwa jambo ninalolilalamikia limezoeleka kiasi kwamba wanaolifanya wanaamini wanatenda wema. Nazungumzia namna makanisa yetu mengi ya mijini yanavyompokea mtu anayeingia kusali kwa mara ya kwanza: anasimamishwa mbele ya watu wote, anapewa kipaza sauti, anatakiwa ataje jina lake, anakotoka, anakosali na mara nyingine hata kama ameokoka, kisha baada ya ibada anazuiwa mlangoni mpaka aache namba ya simu.

Wengi wetu tuliohamia Dodoma kikazi, baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, tumelazimika kutafuta mahali papya pa kusali. Anayetafuta kanisa hana budi kuzunguka, asikilize mahubiri hapa na pale, aone watoto wanafundishwaje, apime umbali wa kutoka nyumbani na hata nauli ya bodaboda. Katika kipindi hicho mtu anahitaji kuachwa atazame. Badala yake, kila anapoingia anageuzwa kuwa sehemu ya ratiba. Mwongoza ibada anatangaza kwamba wageni wasimame; ukijaribu kubaki umeketi, mhudumu aliyekupokea mlangoni anakuonyesha kwa mkono huku akitabasamu, waumini wa mabenchi ya mbele wanageuka kukutazama, na kwaya inaanza pambio la kukukaribisha wakati wewe unatafuta pa kuyaficha macho yako.

Kilichonifanya niandike ni alichotendewa shemeji yangu. Yeye ni Muislamu, na kama ilivyo katika familia nyingi za Kitanzania, sisi ndugu wa dini mbili tunahudhuriana katika shughuli na misiba bila mtu kumsumbua mwenzake kwa habari za imani. Alikuja kanisani kwa heshima tu, kushuhudia ubatizo wa mpwa wake. Alisimamishwa pamoja na wageni wengine, akajitambulisha kwa adabu, na jina lake lilitosha kumjulisha kila aliyekuwapo kwamba yeye si Mkristo. Mwongoza ibada, badala ya kumkaribisha na kuendelea na ratiba, alitangaza kwa shangwe kwamba Mungu amemleta kwa kusudi maalumu, akamwita mbele na kumtaka afuatishe sala ya toba huku kusanyiko likipiga makofi. Shemeji alikataa kwa upole, akarudi kuketi, na akabaki ameinamisha kichwa mpaka mwisho wa ibada iliyopaswa kuwa furaha ya mtoto. Mama wa mtoto alitoka nje akilia. Nilipomweleza mzee mmoja wa kanisa, alinijibu kwamba Injili haionewi haya. Hilo ni jibu la mtu ambaye hajawahi kusimamishwa msikitini na kutakiwa atoe shahada mbele ya safu zote.

Suala la namba za simu nalo limevuka mipaka. Unaandika namba yako kwenye daftari la wageni kwa sababu aliyekushikia kalamu hataki kuondoka, na kabla wiki haijaisha umeshaunganishwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa, unapokea maombi ya michango ya ujenzi, matangazo ya mkesha na simu za watu usiowafahamu wanaotaka kujua unakaa mtaa gani ili waje kukutembelea. Wahenga walimpa mgeni siku mbili kabla ya kumkabidhi jembe. Sisi tunampa bahasha ya ujenzi siku ya kwanza. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa zinazoonyesha imani ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti. Daftari linalolala juu ya meza ya mapokezi, likiwa na majina, namba na kanisa analotoka kila mgeni, si jambo dogo kama viongozi wetu wanavyodhani. (Nimeona pia kwamba anayeshuka kwenye gari huandaliwa kiti na soda katika ofisi ya mchungaji, na aliyekuja kwa miguu hupewa fomu tu. Waraka wa Yakobo, sura ya pili, umelikemea hilo waziwazi, kwa hiyo sitaongeza neno.)

Najua watakuja watu hapa kusema kwamba bila kumtambulisha mgeni kanisa litakuwa baridi, na kwamba wapo waliokwenda mahali miezi mingi bila hata kusalimiwa. Nakubali kuwa ubaridi wa namna hiyo ni aibu. Lakini mgeni husaidiwa na mambo ambayo hayahitaji kipaza sauti: jirani anayesogea kwenye benchi na kumpa kitabu cha nyimbo ukurasa ukiwa umeshafunguliwa, mhudumu anayemwonyesha choo na darasa la watoto, mtu wa kumnong'oneza kwamba sasa ni sadaka ya pili na hakuna ulazima wa kutoka, au kumweleza mapema utaratibu wa Meza ya Bwana ili asijikute amesimama kwenye mstari bila kujua kama anaruhusiwa kushiriki. Mwisho wa ibada mtu mmoja amwambie karibu tena, amweleze kwamba akitaka kuzungumza na mchungaji ofisi iko upande fulani, kisha amwache aende zake. Nikodemo alimwendea Yesu usiku, na hatusomi popote kwamba aliulizwa kwa nini hakuja mchana, wala kwamba alitakiwa ajieleze mbele ya wanafunzi.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji na wazee wa kanisa wanaopita humu waliondoe agizo la wageni kusimama, au angalau watamke wazi kwamba ni hiari na wamaanishe hivyo. Wasimwite mtu mbele ambaye hakuomba kuitwa. Na wafute namba zote walizozichukua bila ridhaa, pamoja na yangu, ambayo ipo katika makundi ya makanisa ambayo sikurudi tena. Na kama kuna mwanajukwaa anayelifahamu kanisa la hapa Dodoma ambapo mtu anaweza kuingia, kusali na kutoka kwa amani mpaka atakapoamua mwenyewe kujitambulisha, tafadhali alitaje hapa. Mahubiri yakiwa marefu nitavumilia.