Vishikio vya rivolva: tunauziwa ulaini wa kaunta, mkono unaumia uwanjani

Wakuu, nimechoka kuuziwa maneno. Kila kishikio cha rivolva kinachotangazwa siku hizi kinadaiwa kupunguza teke, yaani ule msukumo wa bastola kurudi nyuma inapofyatuliwa, na muuzaji hukupa mpira uubonyeze kwa kidole ili ukubali kwamba ni laini, jambo ambalo halihusiani kabisa na kinachotokea unapofyatua risasi nzito ya .44 Magnum.

Hakuna kishikio kinachoondoa teke. Risasi ya greni 240, yaani takriban gramu 15.5, ikitoka kwenye mtutu kwa kasi inayokaribia mita 400 kwa sekunde, huku gesi ya baruti ikiifuata, ni lazima bastola irudi nyuma, uwe umeivika mpira au mbao. Kazi ya kishikio ni kuutandaza msukumo huo kwenye sehemu kubwa ya kiganja na kuuchelewesha kidogo usifike wote kwa pigo moja.

Sasa tazameni nilichouziwa kwa jina la kishikio cha starehe. Mpira mnene umejazwa ubavuni na mbele, ambako bastola haimsukumi mtu, ilhali mgongo wa fremu, yaani upande wa nyuma wa mpini unaokaa kiganjani, umeachwa chuma kitupu, na ni chuma hicho kinachogonga pale kati ya kidole gumba na cha shahada. Nyuma ya kikingio cha kifyatulio kumebaki pengo, kwa hiyo kila mlio kikingio kinarudi na kuchubua kifundo cha kidole cha kati. Zile kingo za kutenganisha vidole nazo zimechongwa kwa mkono wa mtu mwingine: kwangu ukingo mmoja unakaa chini ya kidole badala ya kupita kati ya viwili.

Nilipolalamika, nikaambiwa nishike kwa nguvu zaidi, nitazoea. Kuzoea nini? Mkono unaoumizwa hujifunza kushtuka kabla ya mlio, na risasi zikaanza kutua chini ya shabaha. Kisha nikashauriwa nitumie .44 Special, ambayo kweli inaingia kwenye silinda ile ile na ina teke dogo, lakini sikununua kishikio ili niambiwe nibadilishe risasi!

Nakiri kwamba kufunika mgongo kuna gharama yake, kwa sababu unene unaoongezwa nyuma unakisogeza kifyatulio mbali, na mwenye vidole vifupi hulazimika kuupinda mkono hadi bastola isimame nje ya mstari wa kigasha, na hapo teke lote huishia kwenye kidole gumba. Ndiyo maana vipimo ni muhimu kuliko ulaini. Kwa nini basi kwenye pakiti hakuna hata milimita moja iliyoandikwa ya umbali kutoka mgongoni hadi kwenye kifyatulio, wala hakuelezwi kama mgongo umefunikwa, wala kama kishikio ni cha fremu ya kitako (ncha ya chini ya mpini) cha mviringo au cha mraba? Kuandika "fremu kubwa" peke yake ni kumfanyia mnunuzi dhihaka.

Fedha zangu nimezidai, na nimejibiwa kwamba kishikio hakirudishwi kikishatumika kufyatulia. Naomba wenye rivolva za aina hii wataje vishikio vinavyofunika mgongo na kuziba pengo la kikingio, pamoja na vipimo walivyovipima wenyewe kwa rula.