Honolulu Marathon kutoka kwenye baridi ya Minnesota: naomba mwongozo wa joto, chumvi na mwendo

Mama_Kilomita

Wakuu, habarini za leo. Desemba hii nakimbia Honolulu Marathon kule Hawaii, zimebaki wiki sita. Naishi Minneapolis, na huku asubuhi tayari maji yanaganda, kwa hiyo mazoezi mengi nafanyia ndani kwenye mashine ya kukimbilia. Marathon yangu ya mwisho ilikuwa Duluth mwezi wa sita, nikapata 4:02 (saa nne na dakika mbili) kukiwa na ubaridi mzuri. Nina kilo 64. Mbio ndefu zimefika kilomita 29, na kwenye ratiba zimebaki mbili za 32.

Ninayohitaji kujua ni haya. Lengo la 4:00 linawezekana kule au nijipange upya? Mwili unazoeshwaje joto ukiwa kwenye theluji? Maji na chumvi nipime vipi? Halafu mbio zinaanza saa 11 alfajiri, sasa kulala na kula inakuwaje? Mwenye uzoefu na njia yenyewe naomba anielekeze kipande kwa kipande. Natanguliza shukrani.

---

Kaskazi_Pwani

Dada, umeuliza mapema, na hilo litakusaidia sana. Nianze na 4:00: liache kabisa, usilibebe hata kichwani. Jimmy Muindi wa Kenya alishinda Honolulu mara sita. Mwaka 2004 aliweka rekodi ya njia ile, 2:11:12, na ikakaa miaka 12 bila kuvunjwa. Mwaka uliofuata mtu huyohuyo alishinda Rotterdam kwa 2:07:50. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya dakika tatu, kwa bingwa aliyeijua barabara ya Honolulu kama ua wa nyumbani kwake. Wewe utakaa juani karibu mara mbili ya muda wake.

Kinachokula muda pale ni unyevu kuliko jua lenyewe. Wakati wa kuanza huwa nyuzi 20 au 21 hivi, na kwa mtu aliyesimama ni raha tupu, kama Dar usiku wa Julai. Ila jasho linapoza mwili pale tu linapokauka, na hewa ikiwa imeshiba maji jasho linachuruzika bila kukauka. Moyo unapeleka damu kwenye misuli na papo hapo kwenye ngozi, mapigo yanapanda ingawa mwendo ni uleule. Ukishikilia mwendo wa Duluth, utalipa kuanzia kilomita ya 28.

Panga 4:15, yaani dakika 6 na sekunde 3 kwa kilomita. Mwendo wa 4:00 ni 5:41, uone pengo lilivyo. Kilomita 10 za kwanza zipite kwa 6:10 kabisa, hata ukijisikia mwepesi. Kutakuwa giza, fataki za kuanzia zimelipuka, umati unavuma, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Tazama mapigo ya moyo zaidi ya saa: yakizidi yale ya mbio zako ndefu za polepole kabla ya kilomita 15, punguza.

Njia yenyewe. Mnaanzia Ala Moana, mnaingia mjini mnapita Chinatown na mapambo ya Krismasi ya jumba la jiji, kisha mnarudi kupitia Waikiki. Hapo ni tambarare. Karibu na kilomita ya 12 unaanza kupanda bega la Diamond Head. Si mlima wa kutisha, sehemu ya juu kabisa ya njia haifiki mita 40 kutoka usawa wa bahari, ila uupande kwa hatua fupi, mwendo ushuke wenyewe. Baada ya Kahala mnatoka kwenye barabara kuu ya Kalanianaole kwenda Hawaii Kai na kurudi. Kipande hiki ndicho marathon yenyewe. Ni kirefu, cheupe, kivuli hakuna. Jua linachomoza kama saa 1 asubuhi, na kwa mwendo wako litakukuta kilomita ya 19 au 20 ukielekea mashariki, yaani linakupiga usoni moja kwa moja. Upepo wa kule kwa kawaida unatoka kaskazini-mashariki kama kaskazi yetu, kwa hiyo ukienda mara nyingi unakuwa kifuani. Jifiche nyuma ya kundi. Ukigeuka, upepo unakuwa mgongoni na ghafla unahisi joto limeongezeka maradufu, kwa sababu ule ubaridi wa hewa inayokupiga umetoweka. Wengi hudhani wameugua. Ni upepo tu umehama. Hapo ndipo pa kuanza kujimwagia maji kila kituo. Diamond Head inarudi tena karibu na kilomita ya 39, kisha unateremka hadi Kapiolani Park kumaliza.

Kuzoesha mwili: siku 10 hadi 14 za mwisho, usianze mapema zaidi, maana faida yake huyeyuka ndani ya wiki mbili tatu ukiiacha. Njia ya kwanza ni hiyo mashine yako: zima feni, vaa mikono mirefu na suruali, pandisha joto la chumba hadi nyuzi 26 au zaidi, kimbia polepole dakika 60. Njia ya pili ni beseni la kuogea: mara tu baada ya mazoezi mepesi, ingia kwenye maji ya nyuzi 40, yakufike shingoni, ukae hadi dakika 40. Siku sita mfululizo zinatosha kuleta mabadiliko. Siku ya kwanza anza na dakika 15 au 20. Pima maji kwa kipimajoto, mkono unadanganya.

---

Nesi_wa_Zamu

Naunga mkono aliyosema Kaskazi, ila hapo kwenye beseni nikazie. Hatari kubwa ni wakati wa kutoka. Mishipa imetanuka, ukisimama ghafla damu inashuka miguuni na unaanguka bafuni. Kaa kwenye ukingo dakika mbili miguu ikiwa bado majini, shika ukuta, ndipo usimame. Nyumbani awepo mtu. Mwenye mimba, presha au ugonjwa wa moyo asifanye bila kuongea na daktari wake.

Sasa maji. Usimwulize mtu anakunywa kiasi gani, jipime. Fanya hivi kwenye mazoezi ya joto: jipime uzito bila nguo, kimbia saa moja kwa mwendo wa mashindano, jifute jasho, jipime tena bila nguo. Tuseme ulikuwa 64.0, umerudi 63.3, na njiani ulikunywa mililita 300. Umepoteza gramu 700 pamoja na hizo 300, jumla lita moja kwa saa. Kwa saa nne na robo ni lita nne na robo. Huhitaji kurudisha zote. Mwili wa kilo 64 unavumilia kupungua kilo moja na kidogo bila shida, kwa hiyo lita 0.6 hadi 0.7 kwa saa inakutosha. Rudia kipimo mara mbili, maana siku na siku hazifanani.

Naomba hili ulichukue kwa uzito: anayekunywa kupita kiasi yuko hatarini kuliko aliyepungukiwa kidogo. Ukijaza maji matupu kwa saa tano, sodiamu (madini yaliyo kwenye chumvi) ya damu inashuka, ubongo unavimba. Dalili ni kichwa kuuma, kutapika, vidole kuvimba hadi pete inabana, kisha kuchanganyikiwa. Mtu akiwa hivyo asiongezewe maji, apelekwe kwenye hema la matibabu. Na dawa za maumivu kama ibuprofen usinywe asubuhi ile wala njiani, zinaziumiza figo zikiwa tayari zimebanwa na joto.

Chumvi: lenga miligramu 400 hadi 600 za sodiamu kwa saa, ukijumlisha zilizo kwenye jeli (vile vipakiti vya wanga vya kumeza ukikimbia) na kinywaji. Soma pakiti, jeli zinatofautiana sana. Kinywaji cha nyumbani cha mazoezi: lita moja ya maji, vijiko vitano vya mezani vya sukari (kama gramu 60), robo kijiko cha chai cha chumvi, maji ya ndimu. Hiyo chumvi inakupa sodiamu karibu miligramu 575. Wanga jumla ulenge gramu 50 hadi 60 kwa saa. Jeli nyingi zina gramu 25 hivi, kwa hiyo moja kila nusu saa kuanzia dakika ya 30, na maji juu yake. Jeli juu ya kinywaji kitamu kwenye joto ndiyo inayowatapisha watu.

Kituoni, kikombe kibane ukingo wake kwa vidole viwili kitengeneze mdomo kama wa birika, tembea hatua kumi, meza kidogokidogo. Ukijimwagia, inama mbele kabisa ili maji yatokee kichwani yaanguke chini. Wanaojimwagia wakiwa wima maji yanatiririka miguuni, viatu vinalowa, na kilomita kumi baadaye malengelenge yameshatokea. Manyunyu ya ghafla Desemba ni kawaida pia, kwa hiyo miguu ipake vaselini kati ya vidole na kisiginoni, vaa soksi zisizo za pamba. Paka pia kwapani, mapajani na kwenye mstari wa sidiria, kwa unene, si kwa kugusagusa. Jasho la chumvi kwenye ngozi iliyochubuka utalisikia ukioga.

---

Mama_Kilomita

Asanteni sana, tena sana. 4:15 nimeikubali. Kaskazi, hiyo ya upepo kugeuka sikuwa nimeifikiria kabisa. Bado ratiba ya usingizi na chakula, na niwasili siku gani? Nimepata tiketi ya kuwasili Ijumaa jioni na kurudi Jumapili usiku. Halafu, nikitaka kurudi na maembe na mananasi inaruhusiwa?

---

Mwenyeji_Oahu

Karibu sana dada. Tiketi hiyo ibadilishe ukiweza. Ijumaa jioni inakuachia Jumamosi tu ya kuchukua namba ya kifuani pale Hawaii Convention Center, ndege ikichelewa umebanwa, na usitegemee kuichukua asubuhi ya mbio. Beba kitambulisho chenye picha. Njoo Alhamisi. Kurudi Jumapili usiku nakushauri usifanye: ni kama saa nane kwenye kiti na miguu iliyotoka kukimbia kilomita 42, ukiwa umepungukiwa maji, damu inaganda kirahisi. Jumatatu jioni ni afadhali, na hata hapo simama kila saa.

Usingizi ni zawadi kwako. Desemba Honolulu iko nyuma ya Minneapolis kwa saa nne, basi usibadilishe saa ya mwili. Lala saa 1 au saa 2 usiku ya kule, ambayo mwili wako unaijua kama saa 5 au saa 6 usiku. Ukiamka saa 8 usiku, mwili unadhani ni saa 12 asubuhi. Wa kutoka Nairobi ndiye mwenye kazi, ana tofauti ya saa 13, na huyo nitamwambia awahi wiki nzima. Chumba chagua kisichotazama barabara ya Kalakaua, kuna kelele hadi usiku sana.

Kula mara unapoamka, saa 8 hadi saa 8 na nusu: wali mweupe kikombe kimoja na nusu wenye chumvi kidogo, ndizi moja, chai ikiwa umeizoea. Wali mkavu na ndizi utavipata kwenye maduka ya ABC, yako kila kona ya Waikiki. Nunua Jumamosi mchana. Mabasi ya wakimbiaji kutoka Waikiki huondoka usiku huohuo, angalia muda wa mwaka wako kwenye maelekezo na upande la mwanzo au la kati. Barabara zinafungwa, teksi ya dakika za mwisho itakuacha mbali. Foleni ya vyoo pale mwanzoni ni ndefu, ingia tena kwenye foleni mara tu unapotoka.

Mbio hizi hazina muda wa kufungwa, kwa hiyo wanaotembea ni wengi mno, na ukisimama nyuma utapoteza kilomita tatu ukipenya katikati yao. Simama kwenye kundi la muda wako halisi.

Mafuta ya jua: tangu 2021 Hawaii hairuhusu kuuzwa yale yenye oxybenzone au octinoxate kwa sababu ya matumbawe. Nunua ya zinki, paka kabla ya kutoka hotelini ingawa ni giza. Kofia nyeupe na miwani ya jua vaa tangu mwanzo, ile Kalanianaole utaikumbuka.

Jumamosi usipande Diamond Head, miguu yako inahitajika. Ipande Jumatatu kama unaweza kushuka ngazi, ila mgeni lazima aweke nafasi mtandaoni kabla.

Na bahari: kabla ya kujitosa, hesabu siku kutoka mwezi mpevu. Siku ya 8 hadi ya 10 baada yake viwavi-bahari vya aina ya sanduku husogea ufukweni Waikiki, na wanauma vibaya. Walinzi wa ufukwe huweka vibao, soma.

Matunda: ukiondoka kwenda bara, mizigo inakaguliwa na idara ya kilimo hapohapo uwanjani. Mananasi yanaruhusiwa. Maembe ya kutoka sokoni watayachukua, kwa ajili ya nzi wa matunda. Unayoyataka uyale hapahapa Jumapili mchana, ukiwa umekaa chini ya mti Kapiolani.