Mama ana baridi yabisi: aache maharage au aendelee?

Binti wa Ibanda:
Jambo wapendwa. Mama yangu, tuko naye hapa Bukavu, ana baridi yabisi ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo. Anatumia metotreksati, dawa ya kutuliza kinga hiyo, kila wiki. Asubuhi vidole vinakakamaa, kushika mchi wa kutwangia sombe (majani ya muhogo) hawezi mpaka saa nne. Sasa majirani wamemwambia maharage ndiyo yanamletea maumivu. Ameyaacha, anakula bugali ya muhogo na sambaza, wale samaki wadogo, tu. Mimi nasikia nyuzinyuzi za chakula, kama zilizo kwenye maharage, zinapunguza uvimbe. Tufuate lipi?

Muuguzi Bagira:
Pole dada, umpe mama pole zetu. Majirani wanachanganya na jongo, ugonjwa mwingine wa viungo, na hata kwenye jongo wa kulaumiwa zaidi ni pombe na nyama, hasa maini na figo. Nyuzinyuzi tumbo haliwezi kuzisaga. Zinafika utumbo mpana, bakteria wanazichachusha, zinatoka asidi kama butireti. Hiyo inalisha ukuta wa utumbo na kutuliza chembe za kinga. Wanaokula nyuzinyuzi kwa wingi mara nyingi CRP yao, kile kipimo cha uvimbe kwenye damu, huwa chini. Lakini nakusihi, asiruke dozi ya metotreksati eti kwa kuwa amerudia maharage! Chakula kinaisaidia dawa, hakishiki nafasi yake.

Mama Furaha:
Binti yangu, mrudishie maharage. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku; kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15. Bugali ya muhogo peke yake haifikishi. Ongeza lengalenga (mchicha), avoka, na unga wa mahindi usiokobolewa. Ila anza na vijiko vichache na maji ya kutosha, la sivyo tumbo litajaa gesi naye atasema majirani walikuwa na haki. Loweka usiku, maji yale umwage. Sombe mnunulie iliyokwisha kutwangwa, pale Kadutu ipo.

Binti wa Ibanda:
Aksanti sana. Je, asidi foliki, ile vitamini aliyopewa, aiache, maana lengalenga inayo?

Muuguzi Bagira:
Hapana, aendelee nayo kama daktari alivyopanga. Inamkinga na madhara ya metotreksati, mboga hazitoshi kwa hilo.

Binti wa Ibanda:
Sawa. Maharage nimeshaloweka. Akienda kupimwa damu nitaomba CRP ya zamani na ya sasa, tuzilinganishe.