Mombasa mpaka New York, mama atakaa hewani saa ngapi hasa?

Binti_Kisauni
Assalam aleikum jamani, nisaidieni manake nimechanganyikiwa. Mamangu ana miaka 68, Januari inshallah yuwaenda New York kwa dadangu aliyejifungua, na ndo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Tiketi inasema ndege inatoka Nairobi usiku saa tano na kitu, inatua asubuhi yake saa kumi na mbili na kitu. Nikihesabu napata saa saba lakini jirani ashikilia ni kumi na tano. Mama ana sukari na miguu humvimba akikaa sana, nataka ukweli kabla sijamwambia chochote.

Nahodha_Likoni
Waaleikum salam dada. Jirani ndiye mkweli. Kwenye tiketi kila mji una saa yake, ya kutoka ni ya Nairobi, ya kufika ni ya New York, na Januari wale wako nyuma yetu kwa saa 8. Saba jumlisha nane, hiyo kumi na tano yako. Ama hesabu kwa masafa, Nairobi mpaka New York ni kilomita 11,800 na ushee, ndege kubwa kama Dreamliner hukata kama 900 kwa saa, hapo tayari ni saa 13, bado kupaa na kutua na ule upepo wa juu wa Atlantiki unaovuma kutoka magharibi, utampiga usoni. Akirudi utamsukuma mgongoni, yapungua kama saa moja. Na mwambie asishtuke kuona giza tu dirishani, atasafiri pamoja na usiku, jua lamfuata nyuma na halimpati mpaka atue.

Ummu_Bamburi
Habibty safari yaanzia mlangoni kwenu, sio Nairobi. Treni ya Miritini ni kama saa tano sita mpaka Syokimau, stesheni ya Nairobi, pandeni ya asubuhi, ile ya saa tisa mchana ikichelewa kidogo mko mashakani. Dawa zote na kipimo cha sukari ziwe kwenye mkoba wa mkononi, na muone daktari mapema awapangie saa za dawa, manake siku yake hiyo itakuwa na saa 32, yaani 24 na zile 8 za tofauti, na hilo wengi hawalifikirii. Kiti cha magurudumu kiombeni mapema, hakilipiwi. Na ainuke atembee, asiwaonee haya waliokaa kando yake, shangazi yangu aliona haya kuinuka akafika viatu havimwingii.

Binti_Kisauni
Allah awalipe. Nimemsomea yote, kauliza moja tu, sala je?

Ummu_Bamburi
Isha aisali Nairobi kabla ya kupanda. Alfajiri ikimkuta angani aisali papo hapo kitini, asingoje foleni ya uhamiaji, Januari New York jua hutoka saa moja na dakika ishirini hivi.