Nyumba ya urithi Lamu: nataka kufungua chumba cha chai ghorofa ya chini, nishaurini

Bint_Mkomani: Assalaam alaikum ndugu zangu. Tuna nyumba ya mawe ya marehemu babu, Mkomani. Chini kumekaa tupu tangu mpangaji ahame, na nia yangu ni kufungua pahali pa chai: chai ya maziwa na iliki, mahamri kwa mbaazi asubuhi, kaimati na kahawa jioni. Daka, yaani ukumbi wa mlangoni, lina baraza zake mbili, na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, bado nzima, ila ukutani chini kuna unyevu, plasta yamenyuka. Kaka yangu ataka tupige saruji, tena tubomoe ukuta wa kati tupate ukumbi mpana. Mimi roho yakataa. Tufanyeje?

FundiChokaa: Dadangu, shikilia hapo hapo. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini, na chokaa huyapa njia ya kutoka. Mkipiga saruji yatafungika ndani, chumvi itapanda, na plasta itabanduka na jiwe lake. Tafuteni kwanza maji yatokako: bomba, choo, mfereji wa darini. Kisha chokaa iliyorowekwa vyema, tabaka nyembamba nyembamba. Ukuta wa kati msiuguse kabisa! Ndio uliobeba boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio sababu vyumba vyetu havizidi mita 3 hivi kwa upana.

Mzee_Langoni: Mji Mkongwe wa Lamu umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001. Kabla ya kugusa hata dirisha, nenda ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapo mjini uwaonyeshe unachotaka. Leseni ya biashara na vyeti vya afya vya wapishi ni kaunti. Na kwa kuwa nyumba ni ya urithi, warithi wote, dada na kaka, watie sahihi kabla hujanunua birika.

UmmuSalma: Mwanangu, wembamba wa chumba usikutie hofu. Weka viti upande mmoja tu, watu wapate kupita. Barazani waachie wazee na kahawa yao. Kiwanda cha ndani, yaani ua wa katikati ya nyumba, kitandike majamvi, utie pazia, kiwe cha wanawake. Sisi hatuna pahali pa kukaa nje ya nyumba zetu tukanywa chai kwa utulivu, na sisi ndio tutakaokuja hata watalii wakiondoka. Jiko lipeleke juu kama walivyofanya wazee, moshi na mafuta ya mahamri visiharibu zidaka. Chai iteremke kwa chupa.

Bint_Mkomani: Shukran sana, kiwanda sikukifikiria kabisa! Kaka nimemsomea yote, ukuta ameuacha. FundiChokaa, tupige mwezi gani?

FundiChokaa: Masika yapite kwanza. Mwezi wa saba au wa nane jua si kali. Funikeni na magunia yaliyoloweshwa, chokaa isikauke kwa pupa ikapasuka.